Maji Matano Yenye Mwisho

Kazi yangu hapa Bei Kitna ilikuwa kukumbuka. Wengine hulima kitani, wengine huvuta mashua kwa kamba kandokando ya mfereji. Mimi nilikuwa mkariri wa nyumba ya mafundisho. Mwalimu mkuu akitaka kujua wazee wa zamani walisema nini juu ya ng'ombe aliyempiga pembe ng'ombe wa jirani, au juu ya taa ya Sabato, hakuwa na kitabu cha kufungua. Mambo hayo hatuyaandiki. Alinigeukia mimi. "Zavda, sema." Nami nilisema, neno la kwanza mpaka la mwisho, kwa mahadhi yake, bila kuongeza wala kupunguza.

Nilikuwa na sura zaidi ya mia nne kichwani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Au tuseme najisifu kidogo, maana nilizipata kwa jasho. Lakini mkariri hana cheo kikubwa kwetu. Wanafunzi hodari, wale wanaojua kuuliza na kupinga, walizoea kuniita Kapu. "Kapu limefika! Limwageni hapa tuone lina nini!" Walimaanisha kwamba nabeba vitu nisivyovielewa. Nilicheka nao. Nikirudi nyumbani nilimsimulia mke wangu Komish, na yeye hakucheka hata siku moja.

Yote niliyojua niliyapokea kwa mtu mmoja, Mwalimu Shapir, aliyefariki nikiwa na miaka ishirini na miwili. Baadaye nilimwoa mjukuu wake, huyo Komish. Na mama yake Komish, binti wa pekee wa Mwalimu Shapir, ni Donag. Ndiye mama mkwe wangu, na habari hii ni yake zaidi kuliko yangu.

Donag alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono ya kahawia kwa juisi ya tende. Alipika pombe ya tende, na watu walishuka kwenye mashua zao kutoka vijiji vya mbali ili kuijaza mitungi yao kwake. Uwanja wake na wangu vilitenganishwa na ukuta mfupi wa udongo ambao mbuzi wetu waliuruka walivyotaka. Miaka ishirini na sita nilikula chakula chake. Tulizungumza habari za paa linalovuja, watoto wenye homa, bei ya mbao za mapipa. Torati hatukuizungumza. Nani angezungumza Torati na mpika pombe?

Aliyemsaidia kuosha mitungi ni mwanamke aliyeitwa Mahlafta. Mume wake, Bati, alikuwa mkata matete. Siku moja ya kiangazi chelezo chake kilipinduka katikati ya ziwa la matete, kusini mwa mji. Wenzake watatu walimwona akizama. Walisimama pande tatu za ziwa, wakaita, wakasubiri mpaka jua likazama. Kesho yake wakakokota nyavu. Hawakupata kitu. Tope la ziwa lile halirudishi. Mahlafta alikuwa na miaka ishirini, na tangu siku hiyo akawa mke wa mtu asiyekuwepo.

Maana sheria yetu inamhurumia mwanamke wa namna hiyo, lakini pia inaogopa. Mtu akitumbukia katika maji ambayo mwisho wake unaonekana, kama kisima, na watu wakangoja asitoke, basi amekufa. Mkewe yuko huru. Lakini akizama mtoni au baharini, huenda mkondo ulimtupa ufukweni mbali na macho ya watu, huenda yuko hai katika mji mwingine. Mkewe bado ni mkewe. Sasa ziwa la matete ni lipi kati ya hayo? Maji yake ni madogo, lakini matete yanaficha kingo.

Mimi nilipokea hivi: "Na ziwa la matete ni kama kisima." Niliwaambia mahakimu wetu watatu mwaka uleule Bati alipozama. Wakanijibu kwamba kauli ya mkariri mmoja haitoshi kumfungua mke wa mtu. Tungoje mpaka mkutano mkuu ufikie zamu ya mafundisho ya ndoa. Tukangoja. Miaka saba.

Zamu ilifika mwezi wa Eluli, kitani kikiwa kimeshavunwa na kulowekwa. Mwezi huo mji wetu hufurika. Wakulima, wasusi wa mikeka, wakata matete, wachuuzi wa samaki, wote huacha kazi na kuja kuketi kwa safu katika nyumba ya mafundisho, na wasiopata nafasi huketi uani. Mbele kabisa, juu ya mito yake, aliketi Mwalimu Aivu, mkuu wetu, mtu mpole wa sauti lakini mgumu wa hukumu. Na mwaka ule tulikuwa na mgeni: Menahma, mkariri kutoka Tiberia, mtu mrefu mwenye kumbukumbu iliyosifiwa kule magharibi na huku kwetu pia.

Guria, msaga unga aliyetaka kumwoa Mahlafta, ndiye aliyesimama na kuuliza. Mwalimu Aivu akanigeukia.

"Zavda, sema."

Nikasema. Nilipofika mwisho, "na ziwa la matete ni kama kisima," nikasikia mtu akikohoa.

"Samahani," Menahma akasema. "Sisi tumepokea: si kama kisima."

"Ulipokea kwa nani?" Mwalimu Aivu akamuuliza.

"Kwa mwalimu wangu, naye kwa mwalimu wake, mpaka kwa wazee wa Tiberia. Si. Nimelisema neno hilo tangu sijaota ndevu."

"Zavda?"

"Kwa Mwalimu Shapir. Ni."

"Ulilisikia kwake mara ngapi?"

"Mara mbili, mwalimu. Sura hiyo aliifundisha mwaka wake wa mwisho. Alikuwa anaumwa."

Katika safu ya tatu aliketi Bivi, mwanachuoni mwenye ulimi mkali kuliko wembe wa kinyozi. Hakuipoteza nafasi hiyo. "Mzee mgonjwa, sauti imekauka! Na Kapu lilikuwa limeketi safu ya ngapi siku hiyo?"

"Ya pili."

"Basi 'si' ilitoka mdomoni, ikafika safu ya pili imekuwa 'ni'!"

Watu walicheka. Mwalimu Aivu hakucheka. Akainua mkono.

"Siwezi kumfungua mke wa mtu kwa herufi inayotikisika," akasema. "Wala sitaki kumfunga kwa herufi hiyohiyo. Natoa siku mbili. Mwenye ushahidi alete."

Nilipotoka, Mahlafta alikuwa amesimama pamoja na wanawake wengine chini ya dirisha. Alikuwa amesikia yote. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa adabu, "Baba Zavda, wewe mwenyewe una uhakika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeanza kuisikia sauti ile ya mzee mgonjwa katika kumbukumbu yangu, na kila nikiisikiliza mara inasema ni, mara inasema si. Mtu aliyeishi kwa kukumbuka, na kumbukumbu yake imeanza kuyumba! Nikaenda zangu nyumbani nikitazama chini, na yeye akanipita akaenda kuosha mitungi, kwa sababu ilikuwa siku ya kazi.

Kesho yake asubuhi niliingia uwanja wa mama mkwe kuazima ngazi. Donag alikuwa amesimama mbele ya pipa kubwa, anakoroga tende kwa mwiko mrefu kuliko yeye.

"Mkwe," akasema bila kugeuka, "mbona uso umekunjamana kama tende ya mwaka juzi?"

"Mambo ya nyumba ya mafundisho, mama."

"Aa. Basi ngazi iko pale."

Aliyenena ni Mahlafta, kutoka kwenye mitungi. "Mama, wanabishana juu yangu. Eti ziwa la matete ni kama kisima, au si kama kisima."

Mwiko ukasimama.

"Wanabishana nini?"

"Ni au si," nikasema. "Mgeni kutoka Tiberia anasema si."

"Ni," Donag akasema, kama mtu anayesema kwamba maji ni maji. "Nani kamdanganya huyo mgeni?"

"Mama, unajuaje?"

Akauachia mwiko, akainua mkono wa kushoto, unachuruzika juisi. Akakunja kidole gumba. "Maji matano yana mwisho." Akaendelea kwa mahadhi, mahadhi yaleyale ya Mwalimu Shapir, ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mtu mwingine tangu tumzike. "Kisima, moja. Birika, mbili. Mfereji wa kinu, tatu. Shimo la kulowekea kitani, nne. Na ziwa la matete ni kama kisima, tano." Mkono ukawa ngumi. "Baba alinifundishia kuhesabu kwa maneno haya. Nilikuwa na miaka mitano. Nilidhani watoto wote wamejifunza hivyo."

Nilikaa chini pale pale, juu ya mtungi uliopinduliwa.

"Hiyo hesabu mimi sikuipokea," nikasema.

"Nyinyi aliwafundisha maneno. Mimi alinifundisha na vidole."

"Na mengine? Unayo mengine?"

Alinitazama kama anayeangalia mbuzi aliyeruka ukuta. "Wewe, nani unafikiri alikuwa anamsikiliza baba kila alfajiri kabla hajaenda kwenu? Mimi nasaga unga, yeye anasema. Akikosea naligonga jiwe. Miaka kumi na moja, mpaka nikaolewa. Na baada ya hapo alikuja kwangu, nakoroga, anasema."

"Mama, hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza."

Kisha lile jambo likamwingia vizuri kichwani. Niliona linavyopanda, kutoka shingoni mpaka kwenye macho.

"Ngoja kwanza. Huyu mtoto amefungwa miaka saba kwa sababu ya ziwa la matete? Miaka saba anaosha mitungi yangu, analala peke yake, anakaa si mke si mjane, na nyinyi huko mnasubiri zamu? Na hakuna hata mmoja wenu aliyevuka ukuta huu, mbuzi wanaouvuka kila siku, akaja kuuliza?"

Mahlafta alikuwa ameacha kusugua.

"Haya, nenda kawaambie," Donag akasema.

"Nikisema mimi, mama, watasema nimeongezea. Itakubidi uje mwenyewe."

"Mimi! Nikasimame mbele ya wanaume elfu moja na harufu yangu hii? Wanijue kwa pombe, inatosha." Akaushika mwiko, akageukia pipa.

Hakuna aliyemsihi. Mahlafta aliinama tu na kuanza kuusugua mtungi tena. Aliusugua, akausugua, na ulikuwa mtungi ambao alikuwa ameshausafisha tangu mapema. Hata mimi niliona. Donag alitazama kwa pembeni ya jicho. Alikoroga mara mbili, mara tatu.

"Komish!" akapiga kelele kupitia ukutani. "Nifulie shuka langu la Sabato!"

Siku ile yote sikwenda kwenye nyumba ya mafundisho. Niliketi uwanjani kwake nikamkariria sura nzima, na alinisahihisha mahali patatu. Mara mbili alikuwa sahihi. Mara ya tatu tulibishana mpaka pombe ikataka kuchacha kupita kiasi, na hatukuafikiana, na hilo bado hatujaafikiana.

Siku iliyowekwa, aliingia kupitia mlango wa mbele. Sikumwambia apite upande wa wanawake, na yeye hakuuliza. Alijifunika shuka jeupe, akatembea kati ya safu, mimi nyuma yake, Mahlafta nyuma yangu. Minong'ono ilitutangulia.

"Huyu ni nani?" Mwalimu Aivu akauliza.

"Ni Donag, binti wa Mwalimu Shapir," nikasema. "Amekuja na ushahidi."

Bivi alikuwa amesimama tayari. "Jamani! Sasa tumefika mahali pa kujifunza kwa wapika pombe?"

Donag akageuka taratibu, akamtafuta kwa macho mpaka akampata. "Wewe ndiye Bivi? Jana jioni ulileta mtungi mmoja kwangu, ukarudi na wa pili. Ile uliyokunywa ulipika mwenyewe?"

Kicheko kilichopasuka kilisikika mpaka kwenye mfereji. Bivi alikaa. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kwa mzaha, akasimama tena, na safari hii alizungumza kwa uzito. "Mwalimu, nasema kwa heshima. Katika mashauri mengi hatupokei ushahidi wa mwanamke."

"Katika mengi, ndiyo," Mwalimu Aivu akasema. "Katika hili, je? Akija mwanamke akasema, 'Nimemwona fulani amekufa,' tunafanya nini?"

Bivi alisita. "Tunampokea. Na mkewe tunamwachia aolewe."

"Tunampokea kwa kuwa alisema, nimeona. Huyu anasema, nimemsikia baba yangu. Kaa, mwanangu. Menahma, mpime."

Menahma alikuwa mtu mwadilifu, na napenda ijulikane hivyo. Hakuja kumwaibisha. Alichukua mstari katikati ya sura ya mikataba ya ndoa, sura ambayo hakuna aliyeitaja siku hizo, akaukata katikati. Donag akaendelea pale pale alipoachia. Menahma akaruka mpaka sura ya viapo. Donag akaruka naye. Akamletea mstari wa tatu, akauanza, na Donag akaigonga sakafu kwa kisigino.

"Umeruka neno, mwanangu. Rudia."

Menahma alirudia kimoyomoyo, midomo inacheza. Uso ukambadilika. "Kweli," akasema. "Nimeruka."

Nawaambieni, nimesimama katika nyumba ile miaka mingi na nimesikia watu wakubwa. Lakini kifua changu hakijawahi kujaa kama kilivyojaa dakika ile. Nilitaka kumwambia kila mtu aliye karibu: huyo ni mama mkwe wangu, naishi naye ukuta kwa ukuta.

"Sasa tuambie habari ya maji," Mwalimu Aivu akasema.

Akainua mkono wake wa kahawia. "Maji matano yana mwisho." Akahesabu kwa mahadhi, akikunja kidole kimoja kimoja, na niliona mikono ikiinuka katika safu, kwanza ya wakulima waliokaa nyuma, kisha ya wanafunzi. Kila mtu anahesabu naye. Kisima. Birika. Mfereji wa kinu. Shimo la kitani. Ziwa la matete. Ngumi mia kadhaa hewani.

"Na ukisema si?" Donag akamuuliza Menahma.

Menahma alijaribu mwenyewe. Alikunja vidole vinne, na cha tano kikabaki kimesimama peke yake.

"Kwetu hatukupokea hesabu," akasema. "Tumepokea maneno tu, bila kile kichwa cha 'maji matano'."

"Hesabu ya mtoto mdogo," Bivi akanung'unika. Kisha akauliza kwa sauti, na swali lilikuwa zuri, siwezi kumnyima haki yake. "Tuseme ni tano. Lakini sababu iko wapi? Kisima unakiona mpaka ukingoni. Matete yanaficha. Mtu anaweza kutokea upande wa pili, asionekane. Ni kama kisima kwa namna gani?"

Watu wakageuka kumtazama Donag. Niliogopa. Maneno ni kitu kimoja, sababu ni kingine, na hilo ndilo walilonichekea nalo miaka yote.

"Nami nilimuuliza hivyohivyo," Donag akasema. "Nikiwa na miaka mitano, au sita. Nilimwambia, baba, si matete yanaficha? Akanichukua mpaka ziwani. Akaniambia, ingia kidogo, kisha utoke bila mimi kukusikia. Nilijaribu mpaka nikalia. Nikigusa tete moja, kumi yanavunjika. Bata wanaruka, korongo wanapiga kelele. Baba akasema: matete yanaficha macho, hayafichi masikio. Mwenye kungoja na kusikiliza ni sawa na mwenye kuona."

Kisha sauti nzito ikatoka nyuma kabisa, kwa mkata matete mmoja mzee ambaye sidhani aliwahi kufungua mdomo ndani ya nyumba ile. "Anasema kweli, mwalimu. Hata mbwa hapiti mle kimya. Mimi nilikuwa mmoja wa watatu siku ya Bati. Tulingoja mpaka jua likazama. Ndege walitua, wakakaa. Hakuna tete lililovunjika."

Wenzake wawili wakasimama kando yake, wakasema hivyohivyo.

Mwalimu Aivu aliwaita mahakimu watatu wakanong'onezana, na hawakuchukua muda. Kisha alifanya jambo ambalo hatukuzoea kuliona. Aliinuka kutoka kwenye mito yake, akasimama wima mbele ya mama yule mfupi mwenye shuka la Sabato. Mkuu akisimama, nani atakaa? Safu ya kwanza ikainuka, ya pili, ya tatu na Bivi ndani yake, mpaka uani. Elfu moja na zaidi, wamesimama.

"Tunasimama kwa ajili ya Torati iliyo ndani yako," Mwalimu Aivu akamwambia. Kisha akamtazama Mahlafta. "Na wewe, binti yangu, uko huru. Mumeo amefariki. Mungu akufariji."

Mahlafta, ambaye hakuwa amelia miaka saba mbele ya mtu yeyote, alishika nguo yake kifuani akaichana, kama afanyavyo mwenye kufiwa, akakaa sakafuni. Hakuwa amewahi kuruhusiwa kumlilia Bati. Unamliliaje mtu ambaye sheria inasema huenda yu hai? Basi alimlilia siku hiyo, na siku saba zilizofuata, katika nyumba ya Donag, juu ya mkeka, nasi tulimpelekea dengu na mayai kama kila mwombolezaji. Guria msaga unga alikuja akaketi na wanaume waliokuja kutoa pole, kichwa ameinamisha, hakusema lolote juu ya harusi. Nilimpenda kwa hilo. Walioana baada ya Pasaka, na unga wa mikate ya harusi ulikuwa mweupe ajabu.

Menahma aliahirisha safari yake. Kila siku kwa wiki tatu alikuwa uwanjani kwa mama mkwe, mtu mrefu amekunja miguu kati ya mapipa, anakariri, anasahihishwa. Donag alimpa mwiko. "Mikono isikae bure, mwanangu, ulimi unafanya kazi vizuri zaidi." Mkariri wa Tiberia akakoroga tende. Bivi hakuomba radhi, na hajaomba mpaka leo, ila alianza kuchukua pombe yake mahali pengine, na tukapumzika.

Likabaki jambo la jina. Mapokeo yetu hutajwa kwa jina la aliyeyasema. Mwalimu Aivu alitaka hili litajwe kwa jina la Shapir. Nilisimama mimi, Zavda, ambaye kazi yangu si kupinga, nikapinga. Nilisema Shapir aliyasema kwetu nusu, nasi tukaipoteza hata hiyo nusu. Aliyeyashika yote ni mwingine, na asiyetaja mkono uliobeba amesema uongo mdogo. Sijui maneno yale nilitoa wapi. Hakuna aliyeniita Kapu siku hiyo. Ikaamuliwa yasemwe hivi: kutoka kwa Shapir, kwa kinywa cha Donag binti yake. Na mimi ndiye niliyeyatamka mara ya kwanza mbele ya mkutano, polepole, kila herufi ya jina lake mahali pake.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja mfanyabiashara wa hariri aliyetoka magharibi alifunga mashua yake mbele ya uwanja wa Donag, akashuka kununua pombe. Alipoambiwa jina la mwenye uwanja, akaiweka kata chini.

"Donag gani? Donag wa maji matano?"

"Umelisikia wapi jina hilo?" nikamuuliza.

"Tiberia. Nilikuwa nimejikinga jua chini ya ukuta wa nyumba ya mafundisho, nikawasikia wakikariri ndani. 'Kwa kinywa cha Donag binti yake.' Nikadhani ni mtu wa zamani sana."

Donag akaufuta mkono wake kwenye aproni. "Walilisemaje? Hebu sema kama walivyosema wao."

Mtu yule akasema. Donag akamwita Komish asikilize, mgeni akasema tena. Akamtuma Komish amwite Mahlafta, aliyekuja na mtoto begani, na mfanyabiashara akasema mara ya tatu. Kisha wakaitwa majirani wa kushoto, wakaitwa wa kulia, wakaitwa wavuta mashua waliokuwa wanapita, na mimi mwenyewe nilikimbia mpaka sokoni kuita wengine. Aliondoka kwetu adhuhuri, sauti imemkauka, na mitungi miwili ya pombe ambayo Donag alikataa kabisa kupokea malipo yake.